Kerezo la Chuma, na Namna Fundi Awezavyo Kujitengenezea

Kila mtu akaaye pande za Nassa, karibu na ufuko wa Ghuba ya Speke, ajua ya kuwa kazi kubwa huweza kusimama kwa ajili ya kipande kidogo cha chuma. Mashine ya kusaga nafaka hunyamaza kwa kuwa mhimili wake umelika. Pampu ya kisima hukataa kutoa maji kwa kuwa pini yake imekatika. Mkokoteni wa ng'ombe hulala njiani umejaa pamba kwa kuwa ekseli imelegea ndani ya gurudumu. Kipande kinachotakiwa pengine si kirefu kupita kidole cha mtu, wala bei ya chuma chake si kitu. Lakini hakipatikani mpaka mwenye kazi apande gari kwenda Mwanza au Bariadi, alipe nauli ya kwenda na ya kurudi, angoje zamu yake katika karakana, hata alale huko ikiwa fundi ana kazi nyingi. Wakati huo wote akina mama hubeba nafaka yao kichwani kwenda kijiji kingine, na mvua haimngojei mtu.

Mtambo ufanyao vipande kama hivyo huitwa kerezo, na wengine husema mashine ya kukerezea. Kusudi la maneno yangu ni kueleza kerezo la chuma ni kitu gani, lilitokeaje, na jinsi fundi mwenye subira awezavyo kulitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, akifuata michoro iliyokwisha kujaribiwa na wengine. Nitaeleza pia mipaka ya jambo hili, maana si kila mtu apaswaye kulianza.

KEREZO NI NINI

Neno lenyewe si geni. Mafundi wa pwani wamekereza miguu ya vitanda na ya viti tangu zamani, na uzuri wa kazi yao waonekana hata leo katika nyumba za kale. Kerezo lao lilikuwa jepesi: ncha mbili za chuma zilizokabiliana, kipande cha mti katikati, na kamba ya uta iliyozungushwa katika mti huo. Fundi alipovuta uta, mti ulizunguka upande mmoja. Alipousukuma, ulizunguka upande wa pili. Patasi yake ilikata katika mzunguko mmoja tu, na katika mzunguko wa pili aliiondoa kidogo ikapumzika.

Kerezo la chuma hufuata wazo lile lile, ila lina tofauti mbili kubwa. Ya kwanza, kitu kinachokatwa huzunguka upande mmoja bila kukoma. Ya pili, kisu cha kukatia hakishikwi kwa mkono, bali hufungwa imara katika gari la chuma, na gari hilo husukumwa kwa parafujo. Mkono wa binadamu hutetemeka na kuchoka. Parafujo haitetemeki wala haichoki. Kwa sababu hiyo kerezo laweza kupunguza chuma kwa kipimo cha sehemu moja au mbili katika mia ya milimita, nao unywele wa mtu una unene wa sehemu tano mpaka kumi za namna hiyo.

Mtambo huu una viungo vitano, na ayajuaye majina yake amekwisha kuujua nusu. Kitanda ni msingi mrefu ulionyoka ambao juu yake vingine vyote hukaa. Kichwa hukaa upande wa kushoto wa kitanda. Ndani yake mna mhimili uzungukao, na mbele ya mhimili mna taya za kushikia chuma. Mkia hukaa upande wa kuume. Una ncha ya kutegemeza chuma kirefu kisicheze. Gari hutambaa juu ya kitanda baina ya kichwa na mkia. Kisu hufungwa juu ya gari. Kazi yote ya kerezo ni hii: kichwa huzungusha, gari husukuma, kisu hukata.

LILIVYOTOKEA

Mwingereza mmoja, jina lake Henry Maudslay, aliyezaliwa mwaka 1771 na kufa mwaka 1831, hutajwa sana katika habari za mtambo huu. Hakuwa wa kwanza kufikiri kila sehemu yake. Gari la kushikia kisu lilikuwa limekwisha jaribiwa na wengine kabla yake. Sifa yake ni kwamba, karibu na mwaka 1800, alikusanya mambo matatu katika mtambo mmoja wa chuma tupu: gari imara, parafujo ndefu ya kuliongoza, na magurudumu yenye meno ya kuunganisha parafujo ile na mhimili. Tangu hapo iliwezekana kukata parafujo mia zilizofanana. Kabla ya hapo fundi alipofungua mashine alitia alama katika kila nati na bolti yake, kwa maana nati ya bolti moja haikukubali kuingia katika bolti nyingine.

Hapa msikilizaji mwenye akili atauliza: ikiwa kerezo lataka kitanda kilichonyoka na parafujo sahihi, na vitu hivyo hufanywa kwa mtambo, basi mtambo wa kwanza ulifanywa kwa nini? Swali hili ndilo kiini cha maneno yangu, kwa sababu fundi wa Nassa asiye na karakana ya kumsaidia amesimama mahali pale pale alipokuwa Maudslay.

Jibu ni kwamba unyofu hauhitaji mtambo. Wahitaji akili, macho na subira. Fikirini mawe ya kusagia ya nyumbani. Lile la chini huanza likiwa sawa, lakini kwa miaka ya kusugua huwa na bonde, na lile la mkononi huwa na mgongo. Mawe hayo mawili yalingana kabisa, mgongo umeingia katika bonde, wala hakuna hata moja lililo sawa. Basi vitu viwili kulingana si ushahidi wa unyofu.

Lakini chukueni vipande vitatu vya chuma, mviite A, B na C. Pakeni A masizi yaliyochanganywa na mafuta kidogo, mkaweke B juu yake. Mahali palipotiwa weusi ndipo palipoinuka, nanyi mpakwangue. Fanyeni hivyo mpaka B kilingane na A, kisha fanyeni C nacho kilingane na A. Sasa wekeni B juu ya C. Ikiwa A kilikuwa na mgongo, B na C vyote viwili vitakuwa na mabonde, na mabonde mawili hayawezi kulingana. Yatagusana pembeni tu, na kosa litafichuka. Rekebisheni B na C kwa kukwangua kila kimoja nusu ya kosa, kisha mrudie A, na kuzunguka tena. Vipande vitatu vikilingana vyote, kila kimoja na kila mwenzake, hakuna njia nyingine ila vyote vitatu viwe sawa. Joseph Whitworth, aliyepata kufanya kazi katika karakana ya Maudslay, aliwaeleza wataalamu wa Uingereza njia hii mwaka 1840. Haitaki umeme wala mashine. Yataka tupa, kikwangulio, masizi na siku nyingi.

NJIA TATU ZA KUJITENGENEZEA

Watu wanaojitengenezea makerezo na vyombo vyake hufuata njia tatu.

Njia ya kwanza ni kununua vipande vilivyokwisha kusubiwa, pamoja na michoro. Desturi hii ni ya zamani huko Uingereza. Mwaka 1898 Percival Marshall alianzisha gazeti liitwalo Model Engineer, na kwa miaka mingi wasomaji wake wametengeneza injini ndogo na vyombo vya karakana kwa michoro iliyochapishwa humo. Wafanya biashara huuza sanduku lenye vipande vya chuma vilivyotoka katika kalibu, bado vina ukwaru, na karatasi za vipimo. Kazi ya kuvichonga ni ya mnunuzi. Katika miaka ya 1970 Profesa D. H. Chaddock wa Loughborough alitoa michoro ya mtambo wa kunolea visu vya kerezo, akauita Quorn, na watu wengi wameutengeneza katika vibanda vya nyumbani kwao.

Njia hii ni nzuri, ila ina jambo ambalo mtu ahitaji kulijua kabla ya kutuma fedha. Vipande vingi vya masanduku hayo hudhani kwamba mnunuzi anacho tayari kerezo dogo la kuvichongea. Basi vyafaa zaidi kwa chombo cha pili na cha tatu kuliko kwa mtambo wa kwanza. Tena chuma ni kizito, na gharama ya kukisafirisha toka Ulaya, pamoja na ushuru, yaweza kupita bei yake. Kwa fundi wa kwetu ni afadhali kununua michoro, ambayo ni karatasi nyepesi, na kuvisubu vipande vyenyewe hapa hapa.

Njia ya pili ndiyo ya kuvisubu. Mwamerika David Gingery, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufa mwaka 2004, aliandika mfululizo wa vitabu saba vidogo, ambavyo vilianza kutoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, juu ya kutengeneza karakana nzima kwa vyuma vilivyotupwa. Mpango wake una hekima. Kitabu cha kwanza hakisemi habari za kerezo, bali tanuri la mkaa. Cha pili ni kerezo. Vinavyofuata ni mitambo mingine, ambayo vipande vyake huchongwa kwa kerezo lile lililokwisha kufanywa. Kila chombo humzaa mwenzake.

Njia ya tatu ni ya saruji. Wakati wa Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918 makerezo makubwa ya kutengenezea mizinga na risasi zake yalikuwa haba, na kusubu vitanda vyao kulichukua muda mrefu. Mwamerika Lucien Yeomans akatengeneza vitanda vya zege, akatia chuma mahali palipotaka chuma tu. Zege lina uzito, halitetemeki upesi, na lavumilia sana kugandamizwa. Udhaifu wake ni kwamba huvunjika likivutwa, nalo huendelea kusinyaa kidogo linapokauka. Kwa hiyo hutiwa nondo ndani, huachwa majuma mengi kabla ya kupimwa, na njia za chuma hufungwa juu yake mwisho wa yote. Mahali ambapo mchanga na kokoto havinunuliwi kwa bei kubwa, njia hii yastahili kufikiriwa.

TANURI NA KALIBU

Watu wa nchi hii hawahitaji kuogopa tanuri. Kusini na kusini-magharibi ya ziwa, katika Uzinza na majirani zake, Warongo waliyeyusha chuma kutoka katika mawe kwa mkaa na mivukuto ya ngozi, na majembe yao yalienea Usukuma na Unyamwezi, yakatolewa hata katika mahari. Majembe ya viwanda vya ng'ambo yalipofika kwa bei nafuu, moto wa matanuri hayo ukazimika. Kilichopotea hakikuwa majembe, kwa maana majembe yaliendelea kupatikana. Kilichopotea ni ujuzi wa kuyafanya, na mwenye kununua akawa hawezi tena kuchagua.

Kazi ya alumini ni nyepesi kuliko kazi ile ya wazee. Chuma cha kusubu hutaka joto la digrii 1,150 na zaidi. Alumini huyeyuka kwa digrii 660. Debe la chuma lililotandikwa ndani udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga, mkaa mkavu, na mivukuto au feni ndogo, vyatosha. Alumini ifaayo ni ile ya pistoni na maganda ya gia yaliyotupwa, kwa sababu imechanganywa na silikoni ya kuifanya itiririke vizuri ndani ya kalibu. Makopo ya soda na sufuria nyembamba si mazuri. Huungua na kuacha takataka nyingi.

Kwanza fundi huchonga mfano wa mti wa kila kipande. Mfano huo sharti uwe mkubwa kidogo, kwa sababu alumini ikipoa husinyaa kiasi cha milimita 13 katika kila mita. Kipande cha milimita 300 kitapungua milimita 4 hivi. Ubavu wa mfano huchongwa kwa mwinamo mdogo, upate kutoka katika mchanga bila kuuvunja. Kisha mchanga mwembamba huchanganywa na udongo na maji kidogo sana. Kipimo chake ni mkono: ukiufinya, ushikamane, ukiuvunja, ukatike safi, wala usitie maji vidoleni. Mfano huzikwa ndani ya makasha mawili yasiyo na chini, hutolewa, na nafasi uliyoiacha hujazwa alumini iliyoyeyuka.

Hapa naomba nisikilizwe sana. Maji ni adui wa tanuri. Tone la maji likifunikwa na alumini iliyoyeyuka hugeuka mvuke kwa dakika isiyo na kipimo, na kurusha moto huo usoni mwa mtu. Koleo, upawa na kila kipande kinachoongezwa katika chungu sharti kipashwe moto kwanza. Msimimine juu ya sakafu ya saruji, maana ndani yake mna unyevu na hupasuka. Mwageni mchanga mkavu chini. Vaeni viatu vya ngozi vilivyofunika mguu, nguo za pamba, na kinga ya macho. Watoto wakae mbali. Mtu asiyeweza kutimiza masharti haya asiwashe tanuri.

MTAMBO UNAOJITENGENEZA

Kitanda kikisha kusubiwa, hufungwa juu yake pao mbili za chuma cha pua zilizonyoka, nazo hukwanguliwa kwa kupimwa juu ya sahani ile tuliyoieleza, mpaka weusi wa masizi uenee kote. Gari hutengenezwa lilingane na pao hizo.

Sasa lakuja jambo ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote. Tundu la mhimili katika kichwa sharti lielekee sawasawa na kitanda. Likipinda kidogo, kila kitu kitakachokerezwa kitakuwa chembamba upande mmoja. Je, mtu atalitoboaje sawasawa bila kerezo? Hufunga kichwa mahali pake juu ya kitanda, akapitisha ndani yake fito ya chuma yenye kisu kidogo ubavuni, akaishikiza fito hiyo kwa vitegemezo vilivyopimwa kutoka kitanda kile kile, akaizungusha polepole huku ikisonga mbele. Basi tundu hukatwa kwa kufuata kitanda, nalo haliwezi kukosana nacho. Mtambo ambao bado haujamalizika umekwisha kutengeneza kiungo chake mwenyewe. Baada ya hapo utakereza parafujo zake, vipini vyake, na magurudumu yake ya mkanda.

KISU NA MWENDO

Kisu cha kukereza chaweza kufanywa kwa tupa kuukuu, maana tupa ni chuma cha pua kigumu. Kipasheni moto mpaka kiwe chekundu, mkakizike katika majivu kipoe polepole. Sasa chaweza kuchongwa. Kikisha kupata umbo lake, kipasheni tena mpaka wekundu, mkakitumbukize katika maji. Kitakuwa kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kigae. Kwa hiyo kisugueni king'ae, mkakipashe polepole mpaka ubavu wake upate rangi ya majani makavu, yaani joto la digrii 230 hivi, kisha mkipoze. Mhunzi yeyote mzoefu wa kijijini aijua kazi hii. Chini ya ncha ya kisu pawe na mwinamo wa digrii 6 mpaka 10, ili ncha tu iguse; nayo ncha iwe katika kimo sawa na katikati ya mhimili. Ikiwa juu, kisu husugua badala ya kukata; ikiwa chini, chuma hujaribu kupanda juu yake.

Kisu kilichonunuliwa, kile cha chuma maalum kisicholegea kwa joto, chaweza kukata chuma laini kwa mwendo wa mita 25 kwa dakika. Hesabu yake ni nyepesi. Fito yenye unene wa milimita 50 ina mzunguko wa milimita 157. Mita 25 ni milimita 25,000. Tukigawanya kwa 157 twapata mizunguko 159 kwa dakika. Fito ya milimita 25 itataka mizunguko 318. Kisu cha tupa kiende nusu ya mwendo huo, la sivyo kitapata joto na kupoteza ugumu wake. Mota ya umeme huzunguka mara 1,400 hivi kwa dakika. Basi gurudumu la milimita 60 juu ya mota, na la milimita 270 juu ya mhimili, vitatoa mizunguko 311. Mahali pasipo umeme, gurudumu zito la kukanyagwa kwa mguu lilitumika miaka mingi kabla ya mota, na kwa kazi ndogo latosha hata leo.

Kukata parafujo nako ni hesabu ya shule. Ikiwa parafujo ndefu ya kerezo husogeza gari milimita 3 kwa mzunguko mmoja, nanyi mwataka parafujo yenye hatua ya milimita 1 na nusu, basi mhimili uzunguke mara mbili wakati parafujo ile yazunguka mara moja. Tieni gurudumu la meno 20 juu ya mhimili na la meno 40 juu ya parafujo, na lingine katikati la kuwaunganisha. Kwa hatua ya milimita 1, meno 20 na 60. Lakini jihadharini: mashine nyingi za zamani zilizotoka Uingereza zina parafujo za inchi, zilizofuata kipimo alichokitoa Whitworth mwaka 1841, na pembe ya meno yake ni digrii 55, wala si 60 kama za milimita. Bolti ya namna moja huingia katika nati ya namna nyingine kwa mizunguko miwili, kisha hukwama, na mwenye kulazimisha huharibu zote mbili. Kerezo la milimita laweza kukata parafujo za inchi likiwa na gurudumu la meno 127, kwa sababu inchi tano ni milimita 127 kamili.

NANI AFAAYE KUIANZA KAZI HII

Sasa niseme wazi. Mtu anayetaka kufungua biashara ya kukereza mwezi ujao asijitengenezee kerezo. Atafute kuukuu lililo zima, alinunue. Kerezo la kujitengenezea huchukua miezi mingi, na la alumini haliwezi kukata kwa nguvu kama la chuma cha kusubu lenye uzito wa kilo elfu. Litakereza pini, bushi, na mihimili midogo. Shafti kubwa ya jineri ya pamba halitaiweza.

Lakini faida nyingine haipimwi kwa fedha ya mwezi wa kwanza. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Bulgaria, Tanzania ilijenga kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools huko Hai, kilichokusudiwa kutengeneza makerezo na mitambo mingine ya kukatia chuma. Wazo lilikuwa sahihi, ya kuwa nchi isiyoweza kufanya mitambo ya kufanyia mitambo itanunua daima. Hata hivyo kiwanda hicho kilidhoofika katika miaka iliyofuata. Majengo na mashine huweza kuletwa kwa meli. Watu wenye ujuzi hawaletwi, hulelewa, tena kwa wingi, katika vijiji na shule nyingi kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Asianze mtu mmoja peke yake. Wakutane watano au sita: seremala wa kuchonga mifano ya mti, mhunzi ajuaye moto na pua, fundi wa baiskeli au pikipiki ajuaye beringi na minyororo, na mwalimu au kijana aliyesoma wa kusoma michoro na kupiga hesabu. Shirika la SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na vyuo vya VETA, vilivyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994, vina watu wajuao kukereza. Kijana mmoja wa kundi aende akajifunze kwao kwanza. Waanze na sahani tatu za kupimia. Wakishindwa na sahani, watakuwa hawajapoteza ila jasho na tupa chache, nao watajua kwamba wakati wao haujafika. Wakizimaliza, wajenge tanuri, wasubu kitu kisicho na hatari ya hasara, kama kipini au gurudumu la mkanda. Kitanda cha kerezo kije baada ya hayo.

Neno la mwisho ni juu ya usalama wa mtambo ukiisha kufanya kazi, kwa maana kerezo halina huruma, wala halitambui mkono kuwa mkono. Msilikaribie na shati lenye mikono mirefu iliyolegea, kitenge kinachoning'inia, tai, au nywele zisizofungwa. Msivae glavu mbele ya kitu kinachozunguka. Msiache ufunguo ndani ya taya. Vinyweleo vya chuma vitokavyo hukata kama wembe. Viondoeni kwa kijiti au kulabu, mtambo ukiwa umesimama, wala si kwa vidole. Mkanda na magurudumu yafunikwe kwa ubao au bati tangu siku ya kwanza, wala msiseme mtayafunika kesho.

Siku kikundi kama hicho kitakapoweka mezani pini ya kwanza ya pampu, iliyokerezwa Nassa kwa kerezo la Nassa, wataona kuwa ni kipande kidogo sana kwa kazi kubwa waliyoifanya. Na waipime kwa uangalifu, kisha waitie katika pampu, wavute maji. Maana chuma kilichokerezwa huhukumiwa na mashine kinamowekwa, wala si na sifa za walioifanya kazi.